Kisiwa Kiotacho Ndoto

Kupanga kazi za sanaa kwa daraja ni ada ya kale ya wapenzi wake. Barazani, baada ya sala ya alasiri, hakosekani mtu wa kuuliza ni utenzi upi uliozishinda tenzi zote. Wala hakosekani mwenziwe wa kumjibu kwamba swali hilo halifai kuulizwa, kisha naye akataja wake. Ubishi wa namna hiyo hauna mshindi. Faida yake ni kwamba kila anayepanga hulazimika kudhihirisha kipimo chake, na aghalabu kipimo humfichua mpimaji zaidi ya orodha inavyovifichua vilivyopimwa.

Ubishi kama huo umekuwa ukiendelea kwa miaka mingi, katika lugha nyingi za dunia, juu ya kazi ambazo wapenda ushairi wengi hawajawahi kuzitia maanani: mfululizo wa michezo ya video uitwao The Legend of Zelda, yaani Hekaya ya Zelda. Ulizaliwa Kyoto, Japani, katika kampuni ya Nintendo, na mchezo wake wa kwanza ulitoka tarehe 21 Februari 1986. Waasisi wake ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Muziki wa awali ulitungwa na Koji Kondo. Jina la Zelda lilichukuliwa kwa Zelda Fitzgerald, mke wa mwandishi wa Kimarekani F. Scott Fitzgerald, kwa kuwa Miyamoto alipendezwa na mlio wake. Tangu hapo imetoka michezo mikuu ipatayo 20, na kila mmoja una watu wake wanaoapa kwamba ndio bora.

Hekaya yenyewe ni nyepesi kusimulika. Kijana mmoja mwenye vazi la kijani huamka asubuhi bila kujua ameandikiwa nini. Huokota upanga na ngao, huingia mapangoni, hukusanya vitu vitakatifu kimoja baada ya kimoja, na mwishowe humkabili adui aliyeiharibu nchi ya Hyrule, ambaye mara nyingi huitwa Ganon. Binti mfalme, Zelda, humsaidia au huokolewa naye. Kijana huyo ni Link, jina ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kiungo, nalo limemfaa: yeye ndiye kiungo baina ya aliyeshika mashine mkononi na ulimwengu ulio ndani ya kioo. Hasemi. Wengine humsemesha, naye hutikisa kichwa, na jawabu hubaki kwa mchezaji.

Mtu ataweza kuuliza: hekaya moja ikisimuliwa mara 20, kuna haja gani ya kuendelea kuisikiliza? Anayeijua takhmisi hatauliza. Mtunzi wa takhmisi huzichukua beti za mwenziwe, za mishororo miwili miwili, akatanguliza mishororo mitatu yake mbele ya kila ubeti. Na sifa yake yote imo katika kule kuyafanya maneno ya zamani, yanapofika mwishoni, yasikike kana kwamba hayajawahi kusemwa. Upanga, binti mfalme na adui ni ile mishororo miwili iliyorithiwa. Kinachopimwa ni ile mitatu iliyotangulizwa.

Kipimo kitakachotumika hapa si ukubwa wa ulimwengu, wala uzuri wa picha, wala ugumu wa mafumbo. Ni hasara. Kila mchezo katika mfululizo huu unamwahidi mchezaji ushindi, na kila mmoja, kwa namna yake, unamlipisha kitu. Kinachoulizwa ni hiki: kitu gani kinapotea, na nani anayekipoteza? Kwa kipimo hicho, michezo sita yapangika kutoka chini kwenda juu, na iliyobaki, hata ile mizuri kama A Link to the Past ya mwaka 1991, iliyoweka msingi wa karibu yote yaliyofuata, yabidi ikae nje ya mlango.

Katika daraja ya sita umo mchezo wa kwanza, wa mwaka 1986. Humo hakuna hasara. Kuna mshangao mtupu. Miyamoto alizaliwa mwaka 1952 huko Sonobe, katika mkoa wa Kyoto, na amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa mtoto akizurura mabondeni na misituni, akagundua pango, na baadaye akathubutu kuingia na taa mkononi. Pango hilo ndilo aliloliweka katika mchezo. Kioo kinapofunguka, kijana amesimama uwanjani bila silaha wala maelekezo, na mbele yake pana tundu jeusi ukutani. Anayeingia hukabidhiwa upanga na mzee mmoja. Asiyeingia huondoka mikono mitupu, wala hakuna atakayemkemea. Mchezo unamwamini mchezaji kama mzazi amwaminivyo mtoto anapomwachia ufunguo wa nyumba. Ulipopelekwa Marekani mwaka 1987, ulitiwa katika kaseti ya rangi ya dhahabu yenye betri ndogo ndani, ili safari ya jana iweze kuendelea leo badala ya kuanzwa upya. Betri hiyo msomaji aiweke akilini. Mwisho wa maelezo haya itarejewa.

Daraja ya tano ni ya Breath of the Wild, uliotoka tarehe 3 Machi 2017, msimamizi wake akiwa Eiji Aonuma na mwongozaji wake Hidemaro Fujibayashi. Wapo wengi wanaouweka juu ya yote, na hoja zao zina uzito. Nchi yake ni pana ajabu. Ili watengenezaji waweze kuukadiria umbali, Fujibayashi alitandaza ramani ya Kyoto, mji anaoujua kwa miguu yake, akaitumia kupimia. Karibu kila mlima unaoonekana unapandika, isipokuwa mvua ikinyesha na mawe yakateleza. Moto huunguza nyasi, na joto la moto huinua hewa inayombeba aliyetandaza tanga lake. Hata muziki umejifunza kunyamaza: badala ya wimbo wa shujaa, zinasikika noti chache za piano, zikitawanyika kama matone.

Na hasara imo. Link anaamka baada ya kulala miaka 100, na nchi aliyoshindwa kuilinda imekuwa magofu. Anapita katika vijiji vilivyobaki misingi mitupu, madaraja yaliyovunjika, visima visivyo na watekaji. Anayeyajua magofu ya Pate kwa kupitia Al-Inkishafi ataitambua sauti hiyo mara moja. Lakini hapo ndipo ilipo kasoro, kwa kipimo kilichowekwa. Msiba ulikwisha kutokea kabla ya mchezaji kufika. Yeye huja na mkono wa pole baada ya matanga; huhuzunika kwa hiari yake, na akitaka ataacha kuhuzunika akaenda kuwinda. Mchezo uliofuata, Tears of the Kingdom wa mwaka 2023, uliongeza mbingu juu na kiza cha chini ya ardhi, lakini swali hili haukulisogeza mbali.

Daraja ya nne ni ya Ocarina of Time, wa tarehe 21 Novemba 1998. Kwa wahakiki wengi huu ndio wa kwanza, na si katika mfululizo huu peke yake. Ndio ulioifundisha michezo yote ya namna hii kupigana katika ulimwengu wenye kina. Watengenezaji wake walikwenda katika bustani ya sinema ya Toei huko Kyoto, wakatazama onyesho la mapigano ya panga, wakagundua siri ya jukwaani: shujaa huzungukwa na maadui wengi, lakini hupigana na mmoja mmoja, na wengine hungoja zamu yao. Kutokana na hilo wakabuni kitufe cha kumkazia macho adui mmoja, na tangu hapo michezo mingi imeiga.

Kwa mpenda ushairi, kilicho bora zaidi humo ni filimbi. Okarina ni filimbi ya udongo, ya mviringo, na mchezaji huipiga kwa vidole vyake mwenyewe, kwa noti tano tu. Nyimbo fupi za noti hizo huita mvua, hugeuza usiku kuwa mchana, humwita farasi kutoka mbali. Hazitolewi na mashine kwa niaba ya mchezaji. Wapo watu wazima leo waliosahau namba za simu za nduguzo lakini vidole vyao vingali vinazikumbuka nyimbo hizo.

Hasara ya humo ni ya umri. Link amelelewa msituni, miongoni mwa watoto wasiokua kamwe. Anauchomoa upanga mtakatifu, na kwa kuwa bado ni mdogo mno kuubeba, analazwa usingizi wa miaka saba. Anaamka na mwili wa mtu mzima. Soko alilolijua lenye kelele na mbwa na wacheza dansi limejaa maiti wanaosimama. Anaporudi msituni, wenziwe wa utotoni hawamtambui, kwa maana wao ni wale wale, na yeye si yule. Mwishoni, baada ya ushindi, Zelda anamrudisha katika utoto wake ili akaiishi miaka aliyoibiwa. Ni zawadi, na papo hapo ni ufukara: amerudi katika dunia ambayo hakuna hata mmoja anayejua alilolifanya. Hata hivyo, hasara hiyo ni ya Link. Mchezaji anaitazama kutoka pembeni, kama msomaji amtazamavyo mhusika.

Daraja ya tatu ni ya The Wind Waker, uliotoka Japani Desemba 2002, na yamkini ndio utakaowavutia zaidi wasomaji wa mwambao. Ulipoonyeshwa mara ya kwanza ulipokewa kwa zogo. Wapenzi wa mfululizo walikuwa wakingoja shujaa mwenye sura ya kiume na nywele zinazohesabika. Wakaonyeshwa mtoto wa katuni mwenye macho makubwa kama sahani. Miaka imewasuta. Michezo mingi ya wakati ule iliyojigamba kufanana na maisha halisi imezeeka vibaya, ilhali huu ungali mbichi, kwa sababu mchoro haukuahidi kuwa picha.

Hyrule imezama. Miungu waliigharikisha ili kumzuia adui, na kilichobaki juu ya maji ni vilele vya milima, ambavyo watu wa leo huviita visiwa bila kujua vilikuwa nini. Ramani ina miraba 49, na kila mraba una kisiwa chake, hata kama ni mwamba mmoja. Link anaondoka kisiwani kwao kwa sababu dada yake amechukuliwa na ndege mkubwa. Bibi yake anabaki nyuma. Anasafiri katika mashua inayosema, na upepo anaugeuza atakavyo kwa kijiti cha mwongozaji wa muziki, akikipunga kwa mapigo matatu, au manne, au sita. Mzee wa baharini aliyekaa mwezi mzima akiungoja msimu wa kusi ugeuke atacheka aonapo upepo ukitumwa kama mtoto wa dukani. Lakini atakubali jambo moja: hapa bahari haikuwekwa kuwa njia ya kufikia mchezo. Bahari ndiyo mchezo. Muda mrefu hupita bila lolote isipokuwa tanga, shakwe na mstari wa upeo wa macho, na waliolalamika juu ya urefu huo hawakujua walikuwa wakilalamika juu ya nini.

Baadaye mchezaji anateremka chini ya maji na kuiona Hyrule ya kale, imesimama kimya kama picha. Adui wa humo, Ganondorf, amezeeka. Anaeleza kwamba nchi yake ilikuwa jangwa ambalo upepo wake uliua, na kwamba aliitamani Hyrule kwa ajili ya upepo wake mwema. Ni mara chache adui wa mfululizo huu kupewa sababu. Kisha mfalme wa Hyrule, aliyekuwa amejificha ndani ya ile mashua, anapata nafasi ya kuomba lolote alitakalo. Haombi ufalme wake uibuke. Anaomba maji yaumalizie, na watoto wapewe kesho yao wenyewe. Watoto wanamsihi aende nao. Anakataa, anabaki na alichokizamisha. Hii ndiyo hasara ya kwanza katika orodha hii iliyofanywa kwa makusudi na mtu mwenye haki ya kuifanya. Kinachoizuia kupanda zaidi ni kwamba uamuzi ni wa mfalme. Mchezaji ni shahidi.

Daraja ya pili ni ya Majora's Mask, wa tarehe 27 Aprili 2000. Asili yake ni ya kikazi kabisa. Baada ya Ocarina of Time, Miyamoto alitaka mapango yale yale yapangwe upya na kutolewa tena. Aonuma hakuipenda kazi hiyo, naye akaambiwa kwamba akiweza kutengeneza mchezo mpya katika muda wa mwaka mmoja, aachiwe. Yeye na Yoshiaki Koizumi wakachukua sura na miili ya watu wa mchezo uliotangulia, wakawapa majina mengine na majonzi mengine. Uhaba wa muda ukawa ndio maudhui. Mwezi wenye uso wa ghadhabu unateremka juu ya mji, na baada ya siku tatu utaugonga. Siku hizo tatu, kwa saa ya mchezaji, hazifiki saa nzima. Kabla ya kishindo yampasa apige wimbo wa kurudisha wakati, na kila kitu kianze tena asubuhi ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo mchezaji huishi siku zile zile tatu mara kumi, mara ishirini, huku watu wa mji wakiziishi mara moja tu kila mara. Anawajua kwa ratiba zao. Mbeba barua anatetemeka kwa hofu, lakini hawezi kukimbia kwa kuwa kukimbia hakumo katika ratiba yake. Mwalimu wa upanga, aliyejitapa mchana kwamba atauchana mwezi vipande, usiku wa mwisho hukutwa amejikunyata chumba cha nyuma. Na yuko Anju, msimamizi wa nyumba ya wageni, ambaye mchumba wake, Kafei, ametoweka kabla ya harusi. Kafei amelaaniwa akageuzwa mtoto, na kinyago chake cha harusi kimeibiwa. Anaona haya kurudi. Kuwakutanisha kwahitaji siku zote tatu, kwa dakika zake, na kosa moja huharibu yote. Kafei anafika alfajiri ya mwisho, mwezi ukiwa umekaribia kuyagusa mapaa. Wanabadilishana vinyago, wanakuwa mke na mume, kisha wanamwambia mgeni wao akimbie ajiokoe. Wao watabaki, waipokee asubuhi pamoja.

Mchezaji anapewa kinyago cha ndoa yao. Kisha anapiga wimbo, wakati unarudi nyuma, na Anju anangoja tena, hajui lolote. Furaha ile ilikuwa kweli, na sasa haijatokea. Kinyago tu ndicho kilichobaki mfukoni kuwa ushahidi. Hapa mchezaji hatazami tena hasara ya mwingine. Mkono wake ndio unaoifuta harusi. Lakini anaifuta ili kuwaokoa, na mwishoni mji unaokolewa. Ana udhuru.

Daraja ya kwanza haina udhuru. Ni ya mchezo mdogo kuliko wenzake, uliotolewa Juni 1993 kwa ajili ya Game Boy, mashine ya mkononi yenye kioo cha kijivukijani na vivuli vinne tu vya rangi. Haukuanza kwa amri ya mkubwa yeyote. Mtengenezaji programu, Kazuaki Morita, alianza kujaribu, baada ya saa za kazi, kama Zelda ingeweza kuingia katika mashine ndogo namna hiyo. Wenziwe wakamfuata mmoja mmoja, kama vijana wanaobaki shuleni baada ya kengele. Tezuka, aliyeuongoza, amesema kwamba walijiona huru kana kwamba wanatunga mzaha juu ya kazi yao wenyewe. Ndiyo maana humo mnapita viumbe wa michezo mingine ya kampuni, na ndiyo maana Zelda mwenyewe hayumo, wala Hyrule haimo. Wameiacha mishororo iliyorithiwa karibu yote, wakabaki na upanga na ngao.

Kwa Kijapani jina lake ni Yume o Miru Shima. Wajapani husema kuona ndoto pale Waswahili wanaposema kuota. Kwa hiyo jina hilo lafasirika: Kisiwa Kiotacho Ndoto. Ulipopelekwa kwa wasemao Kiingereza ukaitwa Link's Awakening, Kuamka kwa Link. Mfasiri yeyote aliyewahi kuhangaika na jina la kitabu ataona kilichotendeka. Jina la kwanza limempa kisiwa utendaji. Kisiwa ndicho kiotacho, na shujaa hatajwi. Jina la pili limemtaja shujaa, likamwahidi kuamka, na kisiwa kimetoweka katika jina kabla hakijatoweka katika hadithi. Kiswahili kingelihudumia jina la Kijapani kwa ukarimu usiokuwamo hata katika asili, kwa maana neno kuota kwetu ni la mwenye ndoto, na la mbegu inayochipua, na la mtu aketiye juani asubuhi akijipasha joto. Kisiwa cha Koholint hufanya yote matatu.

Link amepigwa na dhoruba baharini. Anazinduka katika nyumba ya Tarin, ambako msichana aitwaye Marin amemwokota ufukweni. Juu ya mlima wa kisiwa pana yai kubwa, na ndani yake amelala Samaki wa Upepo. Bundi anamweleza Link kwamba hataweza kuondoka mpaka amwamshe aliyelala, na kwamba kwa kazi hiyo anahitaji ala nane za muziki, zilizofichwa katika mapango manane: kinubi, kengele, ngoma ya radi, na nyinginezo, mojawapo ikiwa marimba, neno lililofika Japani na Marekani likitokea katika lugha za Kibantu. Safari ni ya kawaida kwa anayeujua mfululizo. Kijiji ni kidogo, na baada ya saa chache mchezaji anamjua kila mtu. Kuna duka ambalo mwenye mbio anaweza kuiba. Akiiba, tangu hapo kisiwa kizima humwita mwizi badala ya jina lake, mpaka mwisho. Ni kisiwa kidogo, na habari hazina mahali pengine pa kwenda.

Siku moja Marin anaketi na Link juu ya gogo ufukweni. Anamweleza kwamba angetamani kuwa shakwe, aruke avuke bahari, aone kama huko ng'ambo kuna chochote. Kila aliyekulia kisiwani ameketi juu ya gogo hilo. Lakini yeye hajui anachokiuliza. Katikati ya safari mchezaji anafikia hekalu la kale, na ukutani mna maandishi na mchoro: kisiwa hiki, watu wake, wanyama wake na anga lake ni ndoto ya Samaki wa Upepo. Akiamka, vyote vitakwisha.

Tangu dakika hiyo mchezo haubadiliki hata kidogo, na umebadilika wote. Vitufe ni vile vile. Mapango yaliyobaki ni ya kawaida. Lakini mchezaji sasa anajua ala anazozikusanya ni za nini, na Marin hajui. Anapita kijijini, anawakuta watoto wakirushiana mpira, anawasalimu. Na maadui, wale majinamizi anaowaua mmoja baada ya mmoja, ndio pekee wanaomsihi asimwamshe aliyelala. Wanasema kwa sababu ya tamaa yao wenyewe, maana wanataka kukitawala kisiwa. Lakini walisemalo ni kweli. Hiyo ni hali ngumu kupita zote alizowahi kuwekwa shujaa wa mfululizo huu: wenye haki ya kuomba hawana habari, na wenye habari hawana haki. Wala hakuna njia ya tatu. Mchezo hauna mlango wa siri wa kuwaokoa. Kuna kumaliza, au kuzima mashine na kuiweka kabatini.

Wengi humaliza. Ala zinapigwa, yai linapasuka, Samaki wa Upepo anaeleza kwamba ni ada ya ndoto kukoma, na kwamba kisiwa kitabaki katika kumbukumbu. Kisha mambo yanafifia, kimoja kimoja: kijiji, watu wake, Marin akiwamo. Link anazinduka juu ya kipande cha ubao katikati ya bahari, na juu yake, angani, anapita samaki mkubwa kuliko mashua zote. Shujaa anatabasamu. Waliotengeneza mchezo walijua kwamba mchezaji huenda hatabasamu. Wakaweka malipo kwa yule aliyefika mwisho bila kufa hata mara moja: baada ya majina yote kupita, anaonyeshwa Marin angani. Huenda ombi lake lilikubaliwa. Huenda ni ndoto nyingine, na sasa mwenye kuiota ni mchezaji.

Watu wenye busara watasema kwamba Marin ni vitone vichache juu ya kioo, na kwamba hakuna aliyepotea. Wanasema kweli, kama isemavyo kweli kwamba utenzi ni wino. Ubora wa mchezo huu ni kwamba umeikuta hoja hiyo mapema na kuifanya kisa. Kila anayemaliza hadithi anazima ulimwengu uliokuwa ukiishi kwa sababu yeye alikuwa akiutazama. Michezo mingine huficha jambo hilo nyuma ya fataki za ushindi. Huu umeliweka mikononi mwa mchezaji, ukamwambia abonyeze kitufe mwenyewe.

Mwaka 2019 mchezo huu ulisanifiwa upya kwa mashine za kisasa, kwa rangi nyororo, kisiwa kikionekana kama kilichojengwa kwa vitu vya kuchezea juu ya meza. Waliopenda walipenda. Lakini kaseti za mwaka 1993 zingalipo, makabatini na katika masanduku ya viatu, na miongoni mwa wenyewe wapo waliosimama chini ya yai, wakajua kilichobaki, wakakataa. Walihifadhi safari yao hapo, wakazima, ili Koholint isikome. Ndani ya kila kaseti hiyo mna betri moja, ya duara, kama ile ya kaseti ya dhahabu ya 1987. Ndiyo inayokumbuka jina la mchezaji, ala alizozipata na mahali aliposimama. Betri za namna hiyo hudumu miaka mingi, lakini hazidumu milele. Moja moja zimekuwa zikiisha nguvu, kimya kimya, bila yeyote kubonyeza kitufe. Siku mwenyewe atakapoitoa kaseti, akaipuliza vumbi na kuiwasha, atakuta nafasi tupu palipokuwa na jina lake, na mchezo utamwuliza, kwa adabu, yeye ni nani.